Kabla ya Kupima Viwanja: Kukagua Hatari ya Moto Kichaa Miteremko ya Uluguru

Moto kichaa ni moto unaowaka porini, mashambani au msituni bila mtu wa kuuzuia. Katika Milima ya Uluguru moto wa namna hii huonekana karibu kila kiangazi, na mara nyingi haufiki kwenye makazi ya watu. Ukifika, madhara yake hutegemea zaidi uamuzi uliofanyika miaka mingi nyuma kuliko juhudi za siku hiyo: viwanja vilipimwa wapi, barabara ilipitishwa wapi, na nani aliachiwa jukumu la kufyeka nyasi za kando. Kwa hiyo ukaguzi wa hatari ya moto ni kazi ya mwanzo ya kupanga eneo. Unapaswa kufanyika kabla mpima ardhi hajasimika bikoni ya kwanza.

Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mgongoni kwake kimesimama kilele cha Lupanga chenye mita 2,138. Kati ya mji na kilele ziko kata kama Bigwa, Kilakala, Boma, Mlimani, Magadu, Mzinga na Luhungo, ambako nyumba zimekuwa zikipanda mlima mwaka hadi mwaka. Juu ya nyumba ziko bustani na mashamba, juu ya mashamba viko vichaka na nyasi, na juu kabisa uko msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Moto ukiwashwa popote kwenye ngazi hizo huweza kuhamia ngazi nyingine.

Ndiyo maana ukaguzi wa Uluguru una maswali mawili. La kwanza: moto wa mlimani utazifanya nini nyumba mpya? La pili, ambalo husahaulika: moto wa nyumba mpya utaufanya nini mlima? Kila familia inayohamia pembezoni mwa msitu huenda na jiko, taka za kuchoma na shamba la kusafisha. Mradi unaojibu swali la kwanza tu huweza kuziokoa nyumba ukauangamiza msitu ulio chanzo cha maji ya nyumba hizo.

Eneo la kukagua

Kosa la kawaida ni kukagua kiwanja na kuishia kwenye mpaka wake. Moto hautambui hati. Ukaguzi mzuri hufanyika kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza ni mita 100 kuzunguka eneo litakalojengwa. Hapa huangaliwa kitakachozigusa nyumba kwa miale ya joto na ndimi za moto. Kanuni za ujenzi za Australia, nchi yenye uzoefu mkubwa wa janga hili, hutumia umbali huohuo kupima mimea inayoweza kuhatarisha nyumba, kisha huipanga hatari katika madaraja 6.

Mzunguko wa pili ni kilomita moja au mbili. Hapa hutafutwa sehemu ambako moto unaweza kuanza na njia utakayopita hadi kufika. Mzunguko wa tatu ni bonde zima, kuanzia mto ulio chini hadi mgongo wa mlima. Mzunguko huu huonyesha kama eneo liko kwenye njia ya moto mkubwa unaoweza kusafiri kutwa, na kama wakazi wana upande wa kukimbilia. Kiwanja kinaweza kuwa kisafi ndani ya mita 100 na bado kikawa mahali pabaya kwa sababu ya bonde kilimokaa.

Mimea

Mgeni anayeutazama mlima akiwa Msamvu, mjini, hudhani msitu mzito wa juu ndio wenye hatari. Hali ni kinyume. Msitu mbichi wa mlimani hupata mvua na ukungu, chini yake pana kivuli, na majani yaliyoanguka hukaa na unyevu. Moto unaotoka mashambani mara nyingi hufifia ukifika ukingoni mwake. Hatari kubwa zaidi iko kwenye nyasi ndefu, vichaka na misitu ya miombo ya vilima vya chini, pamoja na mashamba yaliyoachwa yakaota magugu. Hata hivyo, ukingo wa msitu ukiunguzwa kila mwaka hurudi nyuma kidogo kidogo, na palipokuwa na miti huota nyasi na magugu yanayowaka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo msitu mbichi uhesabiwe kuwa ngao ya makazi. Kuukata ili kusogeza viwanja juu ni kuongeza hatari.

Mimea igawanywe kwa jinsi inavyowaka. Nyasi kavu huwaka kwa kasi, na moto wake ukisukumwa na upepo juu ya mteremko huweza kumshinda mtu anayekimbia, lakini hupita mahali pamoja kwa muda mfupi. Vichaka huwaka polepole zaidi ila kwa joto kali linalodumu. Mashamba ya mikaratusi na misindano yana hatari ya tatu: magome na matawi yanayowaka hurushwa na upepo yakiwa cheche na kuanzisha moto mpya mbele ya ule wa kwanza. Migomba, magimbi na bustani za mboga zinazomwagiliwa haziwaki kwa urahisi, na zinafaa kuachwa au kupandwa makusudi kama ukanda wa kijani.

Ukaguzi wa mimea ufanyike kati ya Agosti na Oktoba. Anayekagua mwezi Mei, masika yanapoisha, huona kijani kitupu na kuandika taarifa ya kupendeza isiyo na kweli. Nyasi zile zile, zikikunjwa mkononi mwezi Septemba, hukatika kwa mlio.

Mteremko

Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake huinamia mimea iliyo juu na kuikausha kabla ya kuifikia. Kanuni inayotumiwa na wazimamoto wa porini ni kwamba kila nyuzi 10 za mteremko huongeza kasi ya moto unaopanda karibu mara mbili. Kwenye nyuzi 20, basi, kasi hukaribia mara nne ya ile ya tambarare.

Kupima mteremko hakuhitaji vyombo vya gharama. Hutosha kupata kimo cha sehemu mbili, kwa ramani yenye mistari ya kontua au kwa picha za satelaiti za kompyuta, na umbali wa mlalo kati yake. Chukua mfano wa uwanda mdogo juu ya korongo, wenye mandhari nzuri ya mji, ambao mwenye mradi anataka kuukata viwanja 40. Chini ya korongo kimo ni mita 560. Ukingoni mwa uwanda ni mita 620. Umbali wa mlalo ni mita 170. Kupanda kwa mita 60 katika mita 170 ni mteremko wa takriban nyuzi 19. Ikiwa korongo limejaa nyasi kavu, moto utakaoanzia chini, labda kwa mtu anayesafisha shamba la mahindi, utapanda kwa kasi karibu mara nne ya ule wa tambarare na kutokea uani mwa nyumba za mstari wa mbele. Viwanja hivyo, ambavyo vingeuzwa bei ya juu kwa sababu ya mandhari, ndivyo vyenye hatari kuliko vyote katika mradi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mteremko unaopimwa ni ule wa chini ya mimea itakayowaka, wala si wa kiwanja chenyewe. Kiwanja kinaweza kuwa bapa kabisa huku korongo lililo mbele yake likiwa na mteremko mkali. Makorongo membamba yaangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa huelekeza upepo na joto juu kama dohani. Shingo kati ya vilima viwili nazo hukusanya upepo na hazifai kujengwa.

Upepo na majira

Uluguru hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kiangazi kirefu huanza Juni, na hatari hukua hadi vuli inyeshe. Kipindi kifupi cha Januari na Februari nacho kisipuuzwe mwaka ambao vuli imekuwa haba.

Pande za mlima hazifanani. Pepo za kusi hutoka baharini na kumwaga unyevu wake upande wa mashariki, penye maeneo kama Kinole, Tegetero na Matombo. Zikishavuka mgongo wa mlima hushuka upande wa mji na wa Mlali zikiwa zimekauka. Kwa sababu hiyo kipimo cha hatari kilichofanyika Kinole hakiwezi kunakiliwa kwa mradi wa Bigwa au Mzinga, hata kama mimea na mteremko vinalingana.

Mbali na pepo za majira, mlima una pepo zake za kutwa. Mchana jua huichemsha miteremko na hewa hupanda. Usiku hewa baridi hushuka mabondeni. Moto unaowashwa alasiri shambani hupanda kuelekea hifadhini, watu wa chini wakauona unakwenda zake. Usiku upepo ukigeuka, moto huohuo huweza kurudi, na magogo yanayowaka huporomoka hadi kwenye nyasi ambazo hazijaungua. Mpango unaodhani kwamba nyumba zilizo chini ya moto ziko salama haujakamilika.

Historia na vyanzo

Mahali palipoungua mara nyingi pana uwezekano wa kuungua tena. Historia hiyo hupatikana kwa njia mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni kumbukumbu za satelaiti: mfumo wa FIRMS wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, hutoa bure, kwa mtu yeyote mwenye intaneti, ramani za sehemu zilizogunduliwa kuwa na moto tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Ya pili ni wazee wa mtaa, wenyeviti, askari wa misitu na wakulima. Satelaiti huweza kuukosa moto mdogo au uliowaka chini ya mawingu. Mkulima anaukumbuka kwa sababu uliunguza migomba yake.

Vyanzo viorodheshwe kwa majina yake: kuchoma mabaki wakati wa kuandaa mashamba, tanuri za mkaa, kurina asali kwa moto, uwindaji, wafugaji wanaochoma ili nyasi changa ziote, taka za majumbani, na sigara zinazotupwa njiani. Kila chanzo kina mahali na majira yake, na kikishajulikana kinaweza kupangiwa hatua. Kuandika tu kwamba chanzo ni “shughuli za kibinadamu” hakumsaidii mpangaji kitu.

Njia na maji

Mwezi Julai 2018 moto ulishuka kwenye mji mdogo wa pwani wa Mati, Ugiriki, na kuua watu zaidi ya 100. Mitaa ilikuwa finyu, mingine haina pa kutokea, na miamba mirefu ya pwani iliwazuia wengi kufika baharini. Funzo hilo linahusu moja kwa moja mitaa inayojengwa kwa kufuata vichochoro vya miguu. Kila eneo jipya liwe na njia mbili za kutokea zinazoelekea pande tofauti, na njia hizo zisitegemee daraja moja. Barabara ya gari la zimamoto iwe na upana wa wazi usiopungua mita 4, na mwisho wake pawe na nafasi ya kugeuzia. Mteremko wa barabara nao upimwe: njia inayopandwa na bodaboda kwa shida haitapandwa na gari lililobeba maelfu ya lita za maji.

Kuhusu maji, ukaguzi uulize yatatoka wapi mwezi Septemba, vijito vikiwa vimepungua na umeme wa pampu ukiwa umekatika. Mradi wa viwanja vingi utenge tenki la pamoja lililo juu ya makazi, maji yashuke yenyewe, na sehemu ya maji hayo isitumike kwa lolote ila moto. Mamlaka ya Majisafi (MORUWASA) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji washirikishwe mabomba yanapochorwa, ili sehemu za kuunganishia mipira ya zimamoto ziwe na shinikizo la kutosha. Kubomoa barabara baadaye ili kuziongeza ni gharama maradufu.

Nguvu za uokoaji zina kikomo. Mwezi Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro, katika eneo la Kifunika, ukaunguza takriban kilomita za mraba 95 licha ya mamia ya watu waliojitokeza kuuzima. Mwinuko, upepo na umbali kutoka barabarani viliwashinda. Mpango wa makazi usijengwe juu ya tumaini kwamba gari litafika kwa wakati.

Kutoa uamuzi

Matokeo ya ukaguzi yawekwe kwenye ramani moja yenye madaraja matatu. Daraja la chini ni maeneo yenye mteremko mdogo, mimea mibichi au iliyolimwa, na njia mbili za kutokea. Hapa ujenzi unaweza kuendelea kwa masharti ya kawaida. Daraja la kati ni maeneo yenye dosari zinazorekebishika, kama vile nyasi zinazoweza kufyekwa au barabara inayoweza kuongezwa. Hapa kibali kitolewe marekebisho yakishafanyika, wala si kwa ahadi. Daraja la juu ni maeneo yenye mchanganyiko wa mteremko mkali, nyasi au vichaka visivyo chini ya mamlaka ya mradi, na njia moja tu. Hayo yaachwe kuwa mashamba ya miti ya matunda, maeneo ya wazi au msitu.

Baada ya hapo mchoro upangwe ili matumizi yasiyoungua yaelekee upande wa hatari. Barabara ya mzunguko ipite kati ya nyumba za mwisho na nyasi za mlimani, iwe kinga moto na njia ya gari kwa pamoja. Uwanja wa mpira, makaburi na bustani za umwagiliaji viwekwe upande huohuo. Shule, zahanati na nyumba za wazee ziwe ndani, mbali na ukingo. Ni kosa kuzifanya kuta za nyuma za nyumba kuwa mpaka wa hifadhi, maana hapo hakuna anayeweza kupita kufyeka wala kuzima.

Kwa nyumba yenyewe, mita 10 za kwanza zisiwe na nyasi kavu, kuni zilizoegemezwa ukutani, magunia ya mkaa wala choo cha makuti. Kutoka hapo hadi mita 30 mimea ipunguzwe na matawi ya chini yakatwe. Sheria ya jimbo la California, Marekani, huagiza umbali huohuo wa mita 30. Upande wa mteremko ulio chini ya nyumba umbali uongezwe. Bati ni bora kuliko nyasi, lakini bati halitoshi: cheche huingia darini kupitia matundu ya hewa na nafasi kati ya ukuta na paa, kwa hiyo ziwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo, na majani makavu yaondolewe kwenye gata kabla ya Agosti.

Baada ya moto

Ukaguzi wa Uluguru haumaliziki moto unapozimika. Moto wa Septemba huacha udongo mtupu, na wiki chache baadaye vuli huanza. Maji ambayo yangenywewa na ardhi hutiririka na kubeba udongo hadi kwenye vijito, kisha Mto Ngerengere na Bwawa la Mindu linalolisha Manispaa, na upande mwingine Mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Kwa hiyo ramani ya hatari ionyeshe pia sehemu zitakazopitiwa na tope iwapo mteremko wa juu utaungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na umbali huo husaidia hapa pia. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro, ihusishwe katika sehemu hii.

Sheria na makubaliano

Nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa mimea, na Sheria ya Mipango Miji pamoja na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zote za mwaka 2007, zinatoa nafasi ya kuingiza hatari ya moto katika mipango ya mji na ya kijiji. Lakini historia ya Uluguru yenyewe inaonya. Mpango wa matumizi ya ardhi ulioletwa na serikali ya kikoloni mwaka 1950, uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta na kufuata amri nyingi za kilimo, ulivunjika mwaka 1955 baada ya ghasia za Matombo. Hoja ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya; iliporomoka kwa sababu wenye ardhi hawakuulizwa.

Kinga moto nayo haitunzwi na amri. Inahitaji watu wa mtaa wanaojua ni ya nani, inafyekwa mwezi gani, na gharama inatoka wapi. Kwa hiyo taarifa ya ukaguzi iandike kwa majina ya vyeo nani atafyeka kila kipande, nani atatoa ruhusa ya kuchoma mashamba na siku zipi ruhusa isitolewe, na nani atapiga filimbi moto ukionekana. Namba ya dharura ya Zimamoto, 114, ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, na ramani ya njia za kutokea ibandikwe pembeni yake. Ramani ya hatari ikaguliwe upya kila viwanja vipya vinapoongezwa, kwa sababu nyumba mpya hubadilisha mimea, njia na vyanzo vya moto.

Mwenye mradi asipopata majibu ya maswali haya asikate viwanja, na halmashauri isimpe kibali. Kuhamisha mstari kwenye mchoro ni kazi ya siku moja ya mpima ardhi. Kuhamisha mtaa uliokwisha kujengwa hakuna halmashauri inayomudu.